Kumtafuta Mhenga Mjerumani: Rejista ya Serikali, Kitabu cha Kanisa au Vinasaba?

Zipo familia za Tanga, Lushoto, Moshi na Songea ambazo husimulia kwamba baba wa bibi yao alikuwa Mjerumani, na kwamba vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha aliondoka asirudi tena. Kinachobaki aghalabu ni jina lililopindishwa na matamshi, kazi aliyoifanya, na pengine picha moja iliyofifia. Mwenye nia ya kuifuata simulizi hiyo mpaka Ujerumani hukuta milango kadhaa mbele yake, na kila mlango una masharti yake, gharama yake na lugha yake. Makala haya yanailinganisha milango hiyo ili msomaji ajue abishe wapi kwanza. Msimamo wangu nautanguliza: jina la ukoo peke yake haliamui chochote. Yanayoamua ni mwaka na mahali, na asiyejua mahali asilipe hata senti moja mpaka apajue.

Nasema hivyo kwa sababu jina ndilo linalopoteza watu zaidi. Anayeitwa Shimiti katika simulizi anaweza kuwa Schmidt, Schmitt au Schmied, na kila moja kati ya hayo limejaa Ujerumani nzima. Wengine hawakukumbukwa kwa majina yao kabisa. Afisa Tom von Prince, aliyeuawa katika mapigano ya Tanga mnamo Novemba 1914, wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Anayelitafuta jina hilo katika vitabu vya Ujerumani hatalipata, na hata akilijua jina lake halisi hatalikuta kwenye kitabu cha ubatizo cha kijiji chochote cha Kijerumani alikodhani amezaliwa, kwa kuwa bwana huyo alizaliwa Mauritius mwaka 1866. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulipata jina kama lilivyoandikwa, pamoja na mji au kijiji alikotoka mwenye jina hilo.

Kuanzia Dar es Salaam au kuanzia Berlin

Kwa Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki kabla ya 1918, nyaraka zake ziligawanyika pande mbili za bahari. Zilizobaki huku zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mkusanyiko huo wa enzi ya Wajerumani uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Zilizokuwa Ulaya zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho, Bundesarchiv, tawi la Berlin-Lichterfelde, ambako majalada ya Wizara ya Makoloni yamewekwa chini ya alama R 1001. Sehemu kubwa ya majalada hayo imepigwa picha na husomwa bure kwa intaneti kupitia mfumo wao wa utafutaji unaoitwa invenio.

Kwa urahisi wa kufikia, Berlin inashinda, maana mtu aliyeko Arusha au Muscat anaweza kulifungua jalada usiku akiwa nyumbani kwake, ilhali Dar es Salaam inamlazimu aende mwenyewe, aulize mapema taratibu za kibali, kisha aketi na makaratasi. Kwa yaliyomo, hata hivyo, hukumu hugeuka. Majalada ya Berlin yanazungumza zaidi lugha ya wizara: bajeti, sera, barua za gavana. Yale ya Dar es Salaam yako karibu zaidi na ardhi na watu, kwa kuwa ndiyo yaliyotumika hapa hapa kuendesha utawala wa kila siku. Kama baba wa bibi alikuwa mlowezi mwenye shamba la mkonge au la kahawa, mimi ningeanza Dar es Salaam. Kama alikuwa mtumishi wa serikali au afisa wa jeshi, ningeanza na gazeti rasmi la makoloni, Deutsches Kolonialblatt, lililokuwa likichapisha majina ya watumishi walioteuliwa, waliokwenda likizo na waliofariki.

Kuhusu wanajeshi liko jambo la kusikitisha ambalo ni bora kulijua mapema. Hifadhi ya jeshi la Prussia iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu mnamo Aprili 1945, na pamoja nayo yakaungua majalada binafsi ya askari wengi mno. Jeshi la Bavaria lilikuwa na hifadhi yake Munich, nayo ilisalia. Hivyo basi wajukuu wa askari wawili waliopigana bega kwa bega wanaweza kupata majibu tofauti kabisa kwa sababu ya jimbo tu.

Mmisionari ni habari nyingine, na kwake ningeruka Dar es Salaam na Berlin pia. Mashirika ya misheni yaliwaandika watu wao kwa uangalifu mkubwa, tangu kijiji cha kuzaliwa na kazi ya baba mpaka siku ya kubarikiwa kwenda ng'ambo. Nyaraka za Misheni ya Leipzig, iliyoingia Kilimanjaro mwaka 1893, zimehifadhiwa Halle katika taasisi za Francke. Za Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, ziko Herrnhut, na kwa desturi yao kila muumini huachiwa wasifu wa maisha yake, jambo ambalo hakuna rejista ya serikali inayoweza kulitoa. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda asili yao ni abasia ya St. Ottilien huko Bavaria. Barua moja kwa hifadhi hizo yaweza kumaliza kazi ambayo kwingine ingechukua miaka miwili.

Rejista ya serikali na kitabu cha kanisa

Mahali pakishajulikana, unafika kwenye uchaguzi mkubwa kuliko yote. Ujerumani ina mifumo miwili ya kuandika kuzaliwa, kuoa na kufa. Mmoja ni wa ofisi ya serikali iitwayo Standesamt, na mwingine ni wa makanisa. Watu huuliza upi ni bora, lakini swali lenye faida ni upi ulikuwapo mwaka ule na mahali pale.

Usajili wa serikali ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874, na ukaenea katika Dola yote tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa ya nchi, yapo makanisa tu. Lakini zipo sehemu zilizotangulia. Magharibi ya mto Rhine, ambako Wafaransa walitawala, vitabu vya kiraia vinaanzia takriban mwaka 1798, na Hamburg ilianza mwaka 1866. Tofauti hizi si ndogo. Mfikirie Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyeolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Heinrich Ruete wa Hamburg. Mwana wao Rudolph alizaliwa Hamburg mwaka 1869, katika mji uliokuwa tayari na usajili wa kiraia, ilhali mtoto aliyezaliwa mwaka huo huo katika kijiji cha Pomerania angetafutwa kanisani pekee. Salme mwenyewe anafundisha somo jingine. Kaburi lake liko Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, lakini alifariki Jena mwaka 1924, na kifo huandikwa katika ofisi ya mahali kilipotokea, si mahali pa maziko. Anayeanzia kaburini huenda akaandikia ofisi isiyohusika.

Kwa wingi wa habari katika ukurasa mmoja, rejista ya serikali inashinda bila ubishi. Kuzaliwa kunaandikwa pamoja na saa, anwani, kazi ya mwenye kutoa taarifa, jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, na katika rejista za mwanzo hata dini ya wazazi wote wawili. Rejista ya ndoa inataja wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, kwa hiyo ukurasa huo mmoja unakupa vizazi viwili. Thamani kubwa kuliko yote iko pembeni mwa ukurasa, ambako makarani waliongeza baadaye taarifa za ndoa au kifo cha mtu yule yule pamoja na namba na mji. Mtu anayeomba nakala asiombe cheti kipya kilichochapwa, maana mara nyingi hakibebi maandishi hayo ya pembeni. Aombe picha ya ukurasa wenyewe.

Kitabu cha kanisa kinazidi kwa kina cha miaka. Walutheri walianza kuandika katika karne ya 16, na Wakatoliki wakasukumwa na Mtaguso wa Trento uliomalizika mwaka 1563, ingawa vitabu vingi vya mwanzo viliangamia katika vita vya miaka thelathini vya 1618 hadi 1648. Ubatizo unataja wasimamizi, na mimi nawathamini wasimamizi hao kuliko watafiti wengi wanavyofanya, kwa sababu mara kwa mara walikuwa shangazi, wajomba au majirani waliohama kijiji kimoja na familia. Upande wa udhaifu, kadiri unavyorudi nyuma ndivyo mama anavyopotea, mpaka akabaki jina la ubatizo tu au asitajwe kabisa. Vitabu vya Wakatoliki pia huandikwa Kilatini kwa kipindi kirefu. Anayesali katika parokia na anayesali katika usharika watatambua jambo moja: kila kanisa lilijiandikia kivyake, na ndoa ya mchanganyiko ilimfanya mtoto aandikwe upande mmoja tu.

Masharti ya kufikia nayo yanatofautiana, na hapa watu huogopa bure. Sheria ya Ujerumani huzifunga rejista za kuzaliwa kwa miaka 110, za ndoa kwa miaka 80, na za vifo kwa miaka 30. Muda ukiisha, zinahamia hifadhi ya mji au ya jimbo na zinakuwa wazi kwa yeyote. Ndani ya muda huo hupewa mhusika, mwenzi wake, na watu wa damu ya moja kwa moja kwenda juu au kushuka, nao sharti wathibitishe mnyororo wa uzazi. Kitukuu wa Tanga ambaye baba wa bibi yake hakumkubali mtoto kwa maandishi hawezi kuuthibitisha mnyororo huo, na tangu mwaka 1906 utawala wa koloni ulikataza ndoa kati ya Wajerumani na Waafrika, hivyo makaratasi mengi hayakupata hata nafasi ya kuandikwa. Habari njema ni kwamba kwa kizazi kile sharti hilo limekwisha nguvu. Mtu aliyekuwa mtu mzima hapa kabla ya 1914 alizaliwa zaidi ya miaka 110 iliyopita, kwa hiyo rejista ya kuzaliwa kwake iko wazi na hakuna anayeweza kukuuliza wewe ni nani wake. Ufunguo mgumu unabaki kwa anayemtafuta baba au mama wa miaka ya 1960 au 1980, na huyo ajiandae na vyeti vyake vyote tangu mwanzo.

Uamuzi wangu kwa sehemu hii ni kwamba anayetafuta mtu aliyezaliwa baada ya 1876 aanze na serikali kisha aitumie dini iliyoandikwa humo kujua aende kanisa gani. Anayetafuta mtu wa kabla ya hapo aende kanisani moja kwa moja. Kwa vyovyote vile, asiandike barua kabla ya kulitazama kamusi la mahali la Meyer la mwaka 1912, ambalo linasomwa bure kwenye intaneti na linaonyesha kwa kila kijiji kama kilikuwa na Standesamt na kanisa lake, au kama kilitegemea cha jirani. Vijiji viitwavyo Neukirchen au Neustadt ni vingi mno, na kamusi hilo ndilo linalovitenganisha.

Kama mahali penyewe palikuwa Silesia, Pomerania au Prussia ya Mashariki, leo pako Poland au Urusi. Baadhi ya rejista za huko ziko Berlin katika ofisi iitwayo Standesamt I, na nyingi ziko katika hifadhi za serikali ya Poland, zinazoonyesha picha za kurasa bila malipo. Na kwa wazao wa Wayahudi wa Ujerumani waliokimbilia Kenya katika miaka ya 1930, kitabu cha kanisa hakina msaada. Kwao njia ni rejista ya serikali na nyaraka za mateso zilizokusanywa Arolsen, ambazo nyingi zinatafutika bure. Wasishangae wakiona jina Israel au Sara limeongezwa kwenye rejista, kwa sababu utawala wa Wanazi uliwalazimisha Wayahudi kubeba majina hayo kuanzia Januari 1939.

Archion, Matricula au FamilySearch

Tovuti hizi tatu hushindanishwa mara kwa mara kana kwamba zinauza bidhaa moja, wakati kila moja ina shamba lake. Archion, iliyofunguliwa mwaka 2015, ni ya makanisa ya Kiprotestanti na inatoza ada kwa muda wa matumizi. Matricula ina zaidi vitabu vya Kikatoliki, miongoni mwake vya majimbo ya Passau, Regensburg, Münster na Paderborn, nayo ni bure kabisa wala haihitaji kujiandikisha. Dini ya mhenga ndiyo inayochagua kati ya hizo mbili; Mlutheri wa Württemberg hatapatikana Matricula hata ungekaa mwezi mzima.

Katika zote mbili unafungua picha za kitabu na kusoma ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa kwa kawaida hakuna kutafuta kwa jina. FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, inatofautiana hapo hasa: ni bure baada ya kufungua akaunti, na ina faharasa kubwa ya majina. Hatari yake ni kwamba faharasa ni kazi ya watu na mashine waliosoma mwandiko mgumu, na mtu akiikubali bila kuitazama picha huweza kujipachika kwenye ukoo wa watu wengine. Tena, baadhi ya picha hufunguka tu ukiwa ndani ya vituo vyao vya historia ya familia. Ningeitumia FamilySearch kupata dokezo, kisha nithibitishe kwa Archion au Matricula. Ada ya Archion ningeilipa kwa kipindi kifupi, baada ya kwanza kuhakikisha, kwa orodha yao ambayo ni bure kuitazama, kwamba kitabu cha usharika ninaoutaka kimo humo.

Usilipie, hata hivyo, kabla hujajifunza mwandiko. Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kurrent, ambayo herufi yake e hufanana na n, na u hutofautishwa na n kwa kijipinde juu tu. Anayejua Kijerumani cha leo vizuri sana bado atakwama. Programu ya Transkribus husaidia kusoma, lakini majina ya watu na vijiji ndiyo inayokosea zaidi, na ndiyo tunayoyatafuta. Wiki mbili za kujizoeza kuandika herufi hizo kwa mkono wako mwenyewe zitakufaa kuliko mwezi wa ada.

Makaratasi au vinasaba

Kwa familia ambayo mtoto hakuandikwa kwa jina la baba, kipimo cha vinasaba kinaweza kuwa njia pekee iliyobaki. Nguvu yake inapungua kwa kila kizazi. Mjukuu hurithi kwa wastani robo ya vinasaba vya babu, kitukuu asilimia 12.5, na kilembwe asilimia 6.25. Kwa sababu hiyo apimwe aliye mzee kuliko wote katika ukoo, angali hai, na jambo hili lisingojee. Bibi wa miaka 85 aliye mjukuu wa Mjerumani yule ana ushahidi mara nne ya ule wa kilembwe anayeshika simu.

Karatasi hutaja jina, mahali na siku, lakini huweza kusema uongo kuhusu baba. Vinasaba havisemi uongo kuhusu damu, ila havitaji jina. Vinakuonyesha tu orodha ya watu hai wenye undugu na wewe, kama nao wamepimwa. Wajerumani waliopimwa ni wachache kuliko Wamarekani, kwa hiyo mara nyingi binamu wa kwanza kuonekana ni mzao wa ndugu aliyehamia Marekani, na kutoka kwake ndipo unashuka tena mpaka kijijini. Jambo la sheria lisisahaulike pia. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, na ni busara kuuliza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kutuma sampuli nje ya nchi.

Kwa familia isiyo na karatasi hata moja, ningeanza na kipimo cha mzee huyo na papo hapo niandike masimulizi yake yote, pamoja na matamshi ya jina kama anavyolitamka yeye. Kwa familia yenye jina na kijiji, ningeviacha vinasaba mwishoni kabisa na kuandika barua. Barua hiyo iwe ya Kijerumani, fupi, ya mtu mmoja na tukio moja: jina, mwaka au kipindi kisichozidi miaka mitano, kijiji, dhehebu, na ombi la picha ya ukurasa pamoja na maandishi ya pembeni. Iulize gharama kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa hifadhi nyingi hutoza kwa muda wa kutafuta hata zisipopata kitu. Na kama simulizi ya nyumbani inamtaja mtoto aliyeachwa, hilo lisiandikwe katika barua ya kwanza kwa watu wa ukoo walioko Ujerumani. Kwanza watumiwe picha ya ukurasa unaowahusu wao, waone kwamba kazi imefanywa kwa uangalifu, ndipo waulizwe kama katika sanduku la babu yao kuna picha yoyote iliyopigwa Tanga.